Rosela, maua ya maboga na hilo neno "viondoa sumu"

*"Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Buhongwa, Mwanza. Mwaka jana niligundulika na presha, natumia amlodipini ya miligramu 5 kila asubuhi. Kwenye kikoba chetu mwenzetu mmoja alileta kopo la unga wa maua, shilingi 25,000, akasema umejaa antioksidanti, yaani viondoa sumu, na ukitumia miezi mitatu unaachana na vidonge. Nimeuonja, ni mchachu kama rosela. Binti yangu anasema maua yote yenye rangi kali yana faida hizo hizo, kwa hiyo nimeanza kukausha haibiskasi nyekundu za uzio wetu. Maboga nayo yanachanua sana msimu huu, na shambani Magu tuna rosela. Niendelee? Vidonge niache lini? Kuchemsha hakuui hizo antioksidanti? Na mama mkwe ana sukari, naye anywe?"*

Dada yangu, nianze na vidonge, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Kesho asubuhi meza amlodipini yako kama kawaida, na keshokutwa vilevile. Presha ikipanda haipigi hodi. Unaweza kutembea na 170 kwa wiki nzima huku unajisikia mzima wa afya, ukaamini unga ndio uliokuponya. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari wa tiba, na hata kama ningekuwa daktari nisingempunguzia mtu dozi kwa maandishi bila kuona vipimo vyake.

Sasa tuje kwenye maua, na nikuambie mapema kwamba sina ugomvi nayo. Rosela nainywa, maua ya maboga nayala. Ugomvi wangu ni na hilo neno "viondoa sumu".

Mtu wa kwanza kulitafsiri neno antioksidanti hivyo alitutia hasara. Ukisikia "kuondoa sumu" unapata picha ya sufuria lenye masizi linalosuguliwa mpaka ling'ae: ndani kuna uchafu, ua linaingia, uchafu unatoka. Antioksidanti haifanyi kazi hiyo. Kazi ya kuchambua na kutoa taka mwilini ni ya ini na figo, usiku na mchana, bila kopo la mtu yeyote.

Kuelewa antioksidanti, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba ukawaangalie dagaa. Waliokauka vizuri na kuuzwa mapema wanang'aa kama fedha. Waliokaa muda mrefu juani na hewani wanageuka njano, kisha kahawia, na ukiwashika wanakuachia mkononi harufu ya mafuta yaliyozeeka. Hakuna aliyewawekea sumu. Mafuta ya samaki ni laini mno kikemia, na hewa ya oksijeni inayavunja. Molekuli moja ya mafuta ikivunjwa inabaki haijatulia, inapora elektroni kwa jirani yake, jirani naye akishaporwa anakwenda kupora wa tatu, hivyo hivyo mpaka gunia zima linaharibika. Hizo molekuli zinazopora tunaziita radikali huru. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake kwa hiari bila chenyewe kugeuka mporaji, na mlolongo unakatika hapo.

Mwilini mwako kuna mafuta laini ya aina hiyo katika utando wa kila seli, na radikali huru zinazaliwa kila dakika kwa sababu tu unapumua na kuchoma chakula kupata nguvu. Lakini hukuzaliwa bila ulinzi. Seli zinatengeneza antioksidanti zake zenyewe, glutathioni ikiwa mojawapo, na zina vimeng'enya maalumu vya kuzima radikali huru. Tena radikali hizo si maadui moja kwa moja: chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu. Kuzifuta zote si lengo la mwili wowote wenye akili.

Ua nalo lina sababu zake. Wekundu wa rosela unatoka kwenye kundi la rangi liitwalo anthosianini. Njano ya ua la boga ni karotenoidi, ndugu wa rangi ya karoti na embe. Mmea unazitengeneza kuvuta nyuki na kujikinga na ukali wa jua, na sisi tumekuta kwamba kwenye bomba la maabara zinazima radikali huru vizuri sana. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Wauzaji wakachukua alama za bomba la maabara wakazibandika kwenye makopo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha maarufu ya alama hizo, zikiitwa ORAC, na mwaka 2012 ikaiondoa kwenye tovuti yake kwa sababu namba zile hazikuonyesha kinachotokea ndani ya mtu, na kampuni zilikuwa zinazitumia vibaya. Kopo lako likiwa na namba ya ORAC, ipite kama unavyopita bango la mganga.

Kwa nini bomba na mwili hutofautiana? Kwa sababu anthosianini nyingi unazokunywa hazifiki kwenye damu zikiwa nzima. Sehemu ndogo sana ndiyo inayofyonzwa. Zilizobaki zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazikatakata kuwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Kiasi chake ni kidogo mno kushindana na glutathioni uliyonayo tayari. Faida yake, pale inapokuwepo, inaelekea kupita njia nyingine: vinaigusa seli kama mtu anayegonga mlango, seli inaongeza ulinzi wake yenyewe, na ukuta wa ndani wa mishipa unatoa naitriki oksaidi zaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Mshipa ukilegea, presha inashuka kidogo.

Na ukikusanya antioksidanti ukazishindilia kwenye kidonge kwa wingi, mambo yanaweza kwenda kombo kabisa. Ufini waliwapa wavutaji sigara beta-karotini, ile rangi ya karoti, wakitarajia kupunguza saratani ya mapafu. Wanaume zaidi ya 29,000 walishiriki. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa na saratani hiyo zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hiyohiyo. Karoti haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Turudi kwenye rosela, maana hapa unga wako una chembe ya ukweli. Rosela, au choya kama wengine wanavyoiita, ni miongoni mwa mimea michache ya kunywa iliyojaribiwa kwa watu halisi wenye presha. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na hawakuwa wakitumia dawa. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya rosela kwa siku, nusu kinywaji cha kufanana nacho kwa rangi na ladha, kwa wiki 6. Presha ya juu, ile namba ya kwanza, ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa wanywaji wa rosela, na 1.3 kwa wenzao.

Soma vizuri hizo namba. Tofauti ni kama 6. Mtu wa 134 anaweza kufika 128, na hilo si dogo. Mtu wa 165 atafika 159, bado yuko hatarini. Huo ni wastani pia: wapo walioshuka sana, wapo ambao hawakusogea. Na kinywaji chenye uwezo wa kushusha presha hata kwa 6, ukikiongeza juu ya amlodipini, kinaweza kukupa kizunguzungu ukiinuka ghafla kitandani. Kwa hiyo rosela ina nguvu ya kutosha kukufanya umwambie daktari wako kwamba unainywa, na haina nguvu ya kutosha kukaa mahali pa kidonge.

Ningependa pia tusisahau upande wa pili wa sahani. Ukinywa vikombe vitatu vya rosela mchana, jioni ukakaa na ugali na kayabo ambayo haikulowekwa ikamwaga chumvi yake, umejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kwa sisi wa kanda hii, samaki wa chumvi anakimaliza kijiko hicho mapema sana.

Sasa huo uzio. Haibiskasi ya uzio na rosela ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini si mmea mmoja. Tena kwenye rosela hatunywi petali. Petali zinadondoka, kinabaki kile kikombe chekundu chenye nyama kinachovimba kuzunguka tunda lenye mbegu, na hicho ndicho tunachobandua na kukausha. Ua la uzio halina kikombe cha namna hiyo. Sijasema litakuua, kuna nchi wanalitia kwenye chai. Lakini jaribio la Boston halikulihusu, na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo: miche ya uzio hununuliwa kwenye vitalu vya mapambo, hupuliziwa dawa za wadudu ambazo hakuna aliyewahi kufikiria mtu atazinywa, na ikiwa uzio wako uko kando ya barabara unakusanya vumbi na moshi wa magari mchana kutwa. Hayo uliyokausha yamwage. Shamba la Magu linatosha.

Jaribu kitu jikoni, kitakufundisha kuliko maneno yangu. Loweka vikombe vichache vya rosela yako ya Magu kwenye maji ya moto, gawa kwenye glasi mbili. Moja kamulia limau: wekundu unakoza na kung'aa. Nyingine tia magadi soda ya ncha ya kijiko: inachemka povu kidogo, kisha wekundu unakimbia, inakuwa zambarau chafu, halafu samawati inayoelekea kijani kibichi kama maji ya bwawa. Anthosianini hubadili rangi kufuata uchachu, na rangi nyingi za kiwandani hazifanyi hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua "rosela safi" ya unga kwa mchuuzi, nikaitia magadi, ikabaki nyekundu vilevile kama soda ya duka. Fanya hivyo na unga wa kopo. Ukigeuka rangi haimaanishi ni salama, unamaanisha tu kuna rosela au mmea wa namna hiyo ndani. Usipogeuka, umeuziwa rangi.

Kuhusu kuchemsha: moto mrefu unaharibu anthosianini, na mwanga pia, ndiyo maana rosela iliyoanikwa juani siku nyingi inapauka. Anika kivulini penye upepo. Chemsha maji, epua, tia rosela, funika, acha dakika 6 hadi 10. Jaribio la Boston lilitumia gramu 1.25 tu kwa kila kikombe cha mililita 240, yaani kijiko cha chai cha rosela iliyovunjwavunjwa, pengine pungufu. Ule uji mzito mwekundu tunaouchemsha nusu saa kwenye sufuria ya aluminiamu hauna sababu, na uchachu wake unakula sufuria. Tumia ya stili au ya udongo. Uchachu huohuo unamomonyoa meno, kwa hiyo sukutua kwa maji ukimaliza na usipige mswaki papo hapo.

Mama mkwe anaweza kunywa, ila isiwe ile juisi ya rosela ya kwenye sherehe. Ile inapikwa na sukari mpaka uchachu unasahaulika, na glasi moja inaweza kubeba vijiko vinne vya chakula. Ainywe ikiwa chachu hivyohivyo, au na kipande cha tangawizi. Kama anatumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamidi, aangalie sukari yake isishuke mno siku za mwanzo. Kama figo zake zimeshaguswa, asianze kabla hajaulizia kliniki. Mjamzito yeyote nyumbani asiinywe kama dawa ya kila siku. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, maana vinywaji vya namna hii, chai ya rangi ikiwemo, hushika madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe; aache saa moja au mbili zipite. Na mtu anayemeza dawa za aina yoyote, asizimezee rosela, amezee maji. Sudan, ambako rosela ndiyo karkade yao ya kila siku, watafiti waliona inapunguza klorokwini, dawa ya malaria, inayoingia kwenye damu.

Umeniuliza kuhusu kopo kwa maneno mengi, na maboga ukayataja kwa sentensi moja. Mimi ningekuwa wewe ningefanya kinyume. Maua ya maboga ndiyo hazina iliyopo hapo kwako, na hayana mchuuzi.

Toka asubuhi saa moja, kabla jua halijawa kali, yakiwa bado yamefunguka. Utaona ya aina mbili. Lenye kiboga kidogo kama goroli chini yake ni jike, liache, hilo ni boga lako la baadaye. Lenye shina jembamba refu tu ni dume, na madume huwa mengi. Chuma hayo, lakini bakiza machache kila mahali ili nyuki wawe na chavua ya kupeleka kwa majike. Lipasue upande mmoja, toa kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano, hasa kama kuna mtu wa mafua ya chavua nyumbani, na kung'uta sisimizi waliolala ndani. Wapo siku zote. Suuza haraka, ua halivumilii maji mengi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani ya maboga kwanza yalainike, maua yatie mwisho dakika mbili tatu, kisha karanga za kutwanga. Karanga hapa si anasa. Karotenoidi haziyeyuki kwenye maji, zinahitaji mafuta ili utumbo uzifyonze. Nyingine mwili unazigeuza vitamini A, na nyingine, iitwayo luteini, hukaa ndani ya jicho, upande wa nyuma, sehemu ile inayokuwezesha kusoma. Mboga hiyo haitakuondolea presha. Ila ina nyuzinyuzi na potasiamu, na inakaa kwenye sahani mahali ambapo kayabo ingekaa.

Mgagani nao ukiuchuma ukiwa na maua, usiyatupe, pika pamoja. Maua ya mlonge vilevile yanapikwa. Hata karafuu unayotia kwenye pilau ni ua, limechumwa kabla ya kufunguka, na katika vyakula vilivyopimwa ni miongoni mwa vyenye polifenoli, kundi kubwa la antioksidanti za mimea, nyingi kuliko vyote: zaidi ya gramu 15 katika gramu 100. Nani anakula gramu 100 za karafuu? Ndiyo maana namba ya kwenye kopo peke yake haikuambii lolote.

Binti yako nimwambie moja kwa moja: si kila ua lenye rangi kali ni chakula. Ule mti wa uzio wenye kengele za njano na utomvu mweupe, na ndugu yake oleanda wa maua ya waridi, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, majani, maua na mbegu. Ua kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta huchanganya akili. Lile linalotambaa vichakani wakati wa mvua, petali zake zimesimama kama ndimi za moto nyekundu na njano, lina kolkisini na limeua watu. Na lile zuri la zambarau la gugumaji ziwani, nimeshaulizwa zaidi ya mara moja: acheni. Gugumaji hunyonya metali nzito kutoka majini kwa bidii kiasi kwamba wataalamu hulitumia kusafisha maji machafu, na ghuba zetu zinapokea maji ya mji na ya machimbo ya dhahabu. Mtu akila ua asilolijua akatapika, akaona ukungu au moyo ukaenda polepole, mpeleke hospitali na tawi la mmea mkononi, usimpe maziwa ukisubiri.

Kuhusu swali la vidonge uache lini, njia ya heshima ni hii. Azima au nunua mashine ya presha ya mkononi juu, siyo ya kifundo. Kwa siku 7, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, pima mara mbili na uandike. Daftari hilo lipeleke kliniki, umwambie daktari pia unakunywa rosela vikombe vingapi. Namba zikiwa nzuri kwa muda, ni yeye atakayeamua kupunguza. Zikiwa zinagonga 180 juu au 120 chini, rudia baada ya dakika chache. Zikibaki hapo hapo, nenda siku hiyohiyo. Ukiwa nazo na kifua kinabana, pumzi inakata, macho yanafifia, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea, hapo si suala la kliniki tena, ni bodaboda au gari lolote mpaka hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Na kopo, litazame lebo. Kama ni chakula, kuna alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania? Kama linadai kutibu, lina usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Halafu kuna viungo vilivyoandikwa, au ni "maua asilia" tu? Unga usiojulikana una nini ndani, ambao unashusha presha haraka kuliko rosela inavyoweza, unanitia wasiwasi zaidi kuliko ule usiofanya kitu, kwa sababu duniani kote dawa za mitishamba za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Kama umeshautumia, beba kopo lenyewe siku ya kliniki, daktari alione. Mwenzenu wa kikoba usimgombeze kabla hujamuuliza yeye aliuziwa na nani.